Dola tano na nguruwe aitwaye Betts: kisa cha mifarishi miwili ya Harriet Powers

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Harriet Powers, mwanamke mweusi wa kijijini, alifika kwa mkokoteni wa ng'ombe mbele ya nyumba ya Jennie Smith, mjini Athens, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alikuwa amepakata mzigo uliotiwa ndani ya gunia safi la unga, na gunia hilo likatiwa ndani ya gunia jingine. Humo mlikuwa na mfarishi, yaani blanketi la tabaka za vitambaa, alioushona mwenyewe, wenye visa vya Biblia vilivyokatwa kwa vitambaa. Alitaka dola kumi. Smith, mwalimu wa sanaa katika shule ya wasichana wa kizungu pale mjini, akasema anazo tano tu. Powers akatoka nje kushauriana na mumewe, akarudi na jibu: kwa jinsi hali ilivyo ngumu, mzee anaona heri azipokee.

Kabla ya kuondoka alikaa na mnunuzi akamweleza picha moja baada ya nyingine: huyu ni nani, yule mnyama anafanya nini, lile duara ni nyota gani. Smith akayaandika. Siku za baadaye Powers alirudi mara kadhaa kuutazama mfarishi wake, kama mzazi anayemfuata mtoto aliyemwachia jirani.

Kisa hiki hutajwa sana kama ushahidi kwamba sindano na uzi hutunza historia ya watu ambao hawakuandikwa vitabuni. Nakubali, ila kwa sharti. Ukikifuatilia hatua kwa hatua unaona kwamba kitambaa peke yake kilibeba sehemu ndogo ya mzigo. Sehemu kubwa ilibebwa na maelezo ya mdomo yaliyotolewa siku mali inabadili mikono, na maelezo hayo yakapita kwenye kalamu ya mtu mwingine. Anayetaka kuhifadhi kumbukumbu za mtaa wake kwa njia hii inafaa ajue kisa hiki kilivyokwenda, pamoja na pale kilipokaribia kuharibika.

Mshonaji na mazingira yake

Powers alizaliwa utumwani tarehe 29 Oktoba 1837, vijijini karibu na Athens. Aliolewa na Armstead Powers mwaka 1855, wakazaa watoto wasiopungua tisa, na uhuru ukawakuta wakiwa tayari na familia. Eneo lile lilikuwa la pamba. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe walifanikiwa kupata ekari chache zao wenyewe, jambo ambalo si dogo kwa watu waliokuwa mali ya wengine hadi 1865. Kufikia miaka ya 1890 bei ya pamba ilikuwa imeporomoka na wao wakawa wanaimega ardhi na kuiuza. Ile "hali ngumu" aliyoitaja mlangoni kwa Smith haikuwa maneno ya kutafutia huruma.

Kwa msomaji ambaye hajaushika mkononi: mfarishi wa aina hii ni blanketi la tabaka tatu. Juu kuna vitambaa vilivyoungwa au kupachikwa, katikati pamba iliyotandazwa, chini bitana, na mishono inayopenya tabaka zote tatu ndiyo inayovishika pamoja. Wanawake wa kusini, weusi kwa weupe, waliishona mingi sana kwa sababu ya baridi. Walitumia mabaki ya nguo, magunia ya unga, mashati yaliyochakaa. Mingi ilitumika hadi ikachanika, ikageuzwa kujazia mifarishi mingine, ikaishia hapo. Ndiyo maana kazi za wanawake waliopitia utumwa zilizobaki hadi leo ni chache mno, na chache zaidi ni zile tunazojua nani alizishona.

Powers alitumia ufundi wa kupachika: anakata umbo la mtu, mnyama, jua au mwezi kutoka kitambaa kimoja, analiweka juu ya kitambaa kingine na kulishona kingo zake. Alifanya kazi kwa mkono na kwa cherehani pia. Nalitaja la cherehani kwa sababu wapenda sanaa za kale hupenda kumwona fundi wa kijijini kama mtu aliyeishi nje ya wakati wake. Huyu alikuwa mwanamke wa karne ya 19 aliyetumia vifaa vya karne ya 19.

Mwaka 1886 mfarishi wa kwanza ulioneshwa kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens. Hapo ndipo Smith alipouona, akamtafuta mwenyewe, akataka kuununua. Powers alikataa. Kwa bei yoyote, alisema, hauuzwi. Wanaosimulia kisa hiki kwa haraka wanaruka hapa na kuanza na zile dola tano, na matokeo yake uuzaji unaonekana kama tukio la kawaida la fundi na mteja. Haukuwa wa kawaida. Mwenye mali aliyakataa mapato miaka kadhaa, akaja kushindwa na shida.

Picha kumi na moja na nyota moja isiyo ya Biblia

Mfarishi huo, unaojulikana kama Mfarishi wa Biblia, una picha 11. Wamo Adamu na Hawa bustanini, Kaini akimuua Abeli, Kaini akienda nchi ya Nodi kutafuta mke huku akizungukwa na wanyama, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Yesu, kusulubiwa, Karamu ya Mwisho, familia takatifu. Maumbo ni mepesi na yenye nguvu, watu wamekatwa kwa mistari michache, na wanyama wana furaha kuliko watu.

Tazama picha ya Yuda Iskariote. Vipande thelathini vya fedha vimekatwa kwa kitambaa cha kijani. Miguuni pake kuna duara kubwa, na Smith aliandika kwamba kwa maelezo ya Powers hilo ni nyota iliyoonekana mwaka 1886 kwa mara ya kwanza baada ya miaka mia tatu. Hakuna mtu angelijua hilo kwa kutazama. Mtaalamu yeyote wa sanaa angeliita duara hilo jua, au mwezi, au pambo la kujazia nafasi. Kumbe ni habari ya angani ya miaka ya fundi mwenyewe, imewekwa miguuni pa msaliti wa karne ya kwanza. Kwa Powers, mambo ya Mungu hayakukoma kwenye kitabu cha Ufunuo. Yaliendelea Georgia, na yeye aliyaona au aliyasikia.

Nyota ile ni mlango tu. Mfarishi wa pili ndio unaoingia ndani hasa.

Mfarishi wa pili: mambo yaliyotokea

Smith aliupeleka Mfarishi wa Biblia kwenye maonyesho makubwa ya Atlanta mwaka 1895, ukawekwa katika jengo lililotengwa kwa kazi za watu weusi. Miaka michache baadaye Powers alikamilisha mwingine, ambao mwaka 1898 wanawake wa jumuiya ya walimu wa Chuo Kikuu cha Atlanta walimzawadia mchungaji Charles Cuthbert Hall, mkuu wa seminari ya Union ya New York. Huu una picha 15. Kumi ni za Biblia: Ayubu, Yona, nyoka wa Musa, malaika wa ghadhabu na wengineo. Tano hazimo katika Biblia yoyote.

Ya kwanza ni siku ya giza, 19 Mei 1780. Maelezo yaliyoandamana na mfarishi yanasema nyota saba zilionekana saa sita mchana, ng'ombe wakaenda kulala, kuku wakapanda viotani, na tarumbeta ikapigwa. Siku hiyo ni ya kweli. Ilitokea New England, mbali sana kaskazini mwa Georgia, watu wakawasha mishumaa mchana kweupe wakidhani kiyama kimefika. Waliochunguza pete za miti wanaonesha kwamba mioto mikubwa ya misitu upande wa Ontario, Kanada, ndiyo iliyopeleka moshi huo. Powers alizaliwa miaka 57 baada ya hapo. Habari ilimfikia kwa midomo na, bila shaka, kwa mimbari, kwa kuwa wahubiri wa Kiprotestanti waliipenda sana siku ile kama ishara ya mwisho wa dunia.

Ya pili ni kuanguka kwa nyota, 13 Novemba 1833. Watu waliogopa wakadhani mwisho wa nyakati umefika. Mkono wa Mungu ukazizuia nyota. Wanyama wakatoka mbio kwenye malalo yao. Hii nayo ni kweli tupu. Usiku ule dunia ilipita katika vumbi lililoachwa na nyota yenye mkia, na vimondo vya kundi la Leonidi vikanyesha maelfu kwa maelfu, vikaonekana karibu kote mashariki mwa Marekani. Denison Olmsted wa Chuo cha Yale alikusanya taarifa za walioshuhudia, na uchunguzi wake ukawa mmoja wa misingi ya elimu ya vimondo. Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa kijana huko Maryland, aliviona na kuviandika. Kwa watumwa ambao hakuna aliyewapa cheti cha kuzaliwa, mwaka nyota zilipoanguka ulikuwa kalenda: mtu alijua umri wake kwa kuuhesabia hapo, kama bibi zetu waliosema fulani kazaliwa mwaka wa nzige. Powers alikuja miaka minne baadaye. Alikua akisikia watu wakijipimia umri kwa usiku ule.

Ya tatu ni usiku wa mwanga mwekundu wa 1846. Mtu mmoja anapiga kengele kuwaarifu watu ajabu hiyo. Wanawake, watoto na kuku wameshikwa na hofu. Mkono wa Mungu wenye rehema haukuwadhuru. Hapa Powers alikuwa mtoto wa miaka minane au tisa. Angalia kuku wanavyojirudia. Yeye hasimulii tukio la angani kama mtaalamu wa nyota, anaanzia uani. Kilichomshangaza mtu wa shamba ni mifugo kuvunja ratiba yake.

Ya nne nitairudia hapa chini. Ya tano ina visa viwili katika chumba kimoja. Kisa cha kwanza ni cha matajiri wawili wa Virginia, Bob Johnson na Kate Bell, ambao hawakufundishwa lolote kuhusu Mungu. Waliwaambia wazazi wao waisimamishe saa kwenye saa saba, na kesho yake itagonga saa saba. Ikagonga, na hiyo ikawa alama kwamba wameingia katika adhabu ya milele. Kisa cha pili ni cha nguruwe jike mwenye kujitegemea, aliyekimbia maili 500 kutoka Georgia hadi Virginia. Jina lake Betts.

Ni nguruwe huyu aliyewachangamsha wasomaji wengi. Wapo wanaomwona kama fumbo la mtumwa mtoro: kiumbe aliyehesabiwa mali, aliyeamua kwenda zake, akielekea kaskazini, na aliyekumbukwa kwa jina. Usomaji huo unavutia, na neno "kujitegemea" halikutumiwa bure na mwanamke aliyepitia utumwa. Lakini nasita kulifunga jambo. Inawezekana kabisa kulikuwa na nguruwe. Vijijini hadithi za mnyama aliyerudi nyumbani au kutoroka safari ndefu hukaa vizazi. Ubora wa picha ni kwamba msikilizaji wa mwaka 1898, tajiri wa kizungu wa New York, angecheka kisa cha nguruwe, na msikilizaji mweusi wa Athens angeweza kusikia kingine bila neno hata moja kubadilishwa. Anayeng'ang'ania maana moja anampokonya fundi uwezo huo.

Alhamisi iliyoangukia Jumapili

Sasa ile picha ya nne, ambayo kwangu ndiyo kiini cha kisa chote.

Inaitwa Alhamisi ya baridi, 10 Februari 1895. Maelezo yake ni orodha ya maafa: mwanamke aliyeganda akiwa katika sala. Mwanamke mwingine aliyeganda langoni. Mwanamume mwenye gunia la unga wa mahindi, ameganda. Pumzi ya nyumbu iliyogeuka vigingi vya barafu. Mwanamume aliyeganda kwenye mtungi wake wa pombe. Na sentensi fupi: ndege wa buluu wote walikufa.

Fungua kalenda ya 1895. Tarehe 10 Februari ilikuwa Jumapili.

Mwanahistoria mwenye haraka angeishia hapo: chanzo kimekosea, weka pembeni. Baridi yenyewe haina ubishi. Februari ile wimbi la hewa ya ncha ya kaskazini lilishuka hadi Florida na kumalizia michungwa iliyokwisha kupigwa na baridi ya Desemba, wakulima wakafilisika. Alhamisi zilizo karibu na tarehe hiyo ni ya tarehe 7 na ya tarehe 14, zote ndani ya majuma yaleyale ya baridi. Ama siku ya juma ndiyo sahihi na tarehe imeteleza, ama kinyume chake. Kwa hakika jina "Alhamisi ya baridi" linasikika kama jina la mtaani, lililokwisha kukomaa midomoni mwa watu kabla ya mtu kulitafutia tarehe. Nani aliyeiweka tarehe, msimulizi au mwandishi, kitambaa hakisemi.

Upande wa pili wa mizani kuna wale ndege. Sentensi "ndege wa buluu wote walikufa" inasikika kama chumvi ya msimulizi. Hata hivyo wachunguzi wa ndege wa Marekani waliandika jambo hilohilo: ndege wa buluu wa mashariki, ambao hukimbilia majimbo ya kusini wakati wa baridi, waliangamia kwa wingi Februari 1895, na katika majira yaliyofuata watu wa kaskazini waliwatafuta wasiwaone. "Wote" ni kupita kiasi kidogo. Lakini mwanamke wa kijijini Georgia alilishona tukio la kiikolojia ambalo wataalamu walikuwa wakilijadili katika majarida yao, na alilitoa mahali lilipotokea, yaani kule ndege walikofia.

Kwa hiyo chanzo kimoja, picha moja, kimekosea tarehe na kimepatia ndege. Hili halinisumbui, linanifundisha namna ya kukisoma. Kumbukumbu ya jamii hushika vizuri kilichoonekana kwa macho: nani alikufa na alikuwa akifanya nini, mnyama gani alitoweka, barafu ilining'inia wapi. Tarehe huja baadaye, mara nyingi kwa ajili ya mgeni anayeuliza. Anayekusanya simulizi kwa kuanza na swali la "mwaka gani?" anaanza na sehemu dhaifu kuliko zote.

Tena angalia waliokufa ni nani. Hasara ya michungwa ya Florida imehesabiwa na kuandikwa. Mwanamke aliyefia langoni, labda hatua chache tu kutoka kwenye moto wa mtu, hakuna gazeti la biashara lililomhitaji. Powers alimweka, akamweka na mlevi, akamweka na nyumbu, wote katika mraba mmoja, bila kumhukumu yeyote.

Kalamu ilikuwa ya nani?

Hadi hapa nimenukuu "maelezo" kana kwamba ni sauti ya Powers moja kwa moja. Siyo. Maelezo ya Mfarishi wa Biblia yametufikia kupitia Smith, na Smith alikuwa mwanamke wa kizungu wa kusini akiandika miaka ya 1890. Alimheshimu fundi, hilo linaonekana. Alisaka mfarishi ule miaka, akautunza hadi kifo chake mwaka 1946, na bila daftari lake leo tungekuwa na duara miguuni pa Yuda na basi. Wakati huohuo aliyaandika maneno ya Powers kwa tahajia ya kuigiza lafudhi ya watu weusi, namna iliyowachekesha wasomaji wa zama zile, na alipofika kwenye ushauri wa mume akatia kijembe kwamba Powers, kwa kuwa si mwanamke wa kisasa, alitii.

Kijembe hicho kimeacha madhara marefu. Kwa karibu karne nzima Powers alielezwa kama mwanamke asiyejua kusoma, aliyesikia Biblia kanisani na kuitoa kwenye vitambaa kwa karama ya kuzaliwa. Kisha mtafiti Kyra Hicks, katika kitabu alichokitoa 2009, akaibua nakala ya barua ya mwaka 1896 ambamo Powers anajieleza mwenyewe. Alijua kusoma. Alikuwa ameshona mifarishi mingine, ukiwemo mmoja wa Karamu ya Bwana. Alizijua kazi zake kwa mpangilio na alizitaja kama mtu anayetaja mafanikio yake.

Barua moja, na picha yote inageuka. Mwanamke aliyedhaniwa kuwa chombo kinachopitisha hadithi za wengine anakuwa mtunzi aliyechagua nini kiingie na nini kibaki nje. Lile chaguo la kuchanganya Yona na Betts linakuwa chaguo. Hata ile picha yake ya kamera ya miaka ya 1890, amesimama na aproni iliyopachikwa umbo la jua, mtu anaitazama upya: huyu aliijua thamani yake alipokuwa akienda kupigwa picha.

Hapa pia ndipo ninapotilia shaka upande mmoja wa uchambuzi uliozoeleka. Wanazuoni kadhaa wamefananisha ufundi wake na vitambaa vya kupachikwa vya Abomey, ufalme wa zamani wa Dahomey, leo Benin, ambako wanyama na vitu vilivyokatwa kwa rangi kali vilisimulia matendo ya wafalme. Mfanano upo na macho yanauona. Ila Abomey kazi hiyo ilikuwa ya wanaume, mafundi wa ikulu, na ilisifu watawala. Powers alikuwa mwanamke wa Kibaptisti aliyesimulia maafa ya watu wa chini. Kumbukumbu za mikono huenda zilivuka bahari. Sioni sababu ya kulipinga hilo. Ninachokataa ni pale nasaba ya mbali inapotumiwa kueleza kila kitu hadi Athens ya 1895, na baridi yake, na bei yake ya pamba, vinafutika.

Uuzaji uliookoa

Turudi kwenye zile dola tano, maana hapo ndipo uchambuzi wowote wa kisa hiki lazima ukabe koo. Je, uuzaji ule ulikuwa wizi wa heshima au uokoaji?

Vyote viwili, na siwezi kukitenga kimoja. Kama Powers angebaki na mfarishi, yaelekea ungefuata njia ya mingine mingi: kitandani, juani, majini, kisha matambara. Smith aliuweka mahali pakavu. Msimamizi wa mirathi yake akautoa kwa makavazi ya Smithsonian mjini Washington mwaka 1969. Ule wa pili ulikaa katika familia ya Hall, mwana akamuuzia mkusanyaji Maxim Karolik, na mwaka 1964 ukaingia kwa wasia wa Karolik katika Jumba la Sanaa la Boston. Kila mkono ulioupokea ulikuwa wa mtu mwenye nafasi ya kuacha kitambaa bila kukitumia, na nafasi hiyo ndiyo Powers hakuwa nayo.

Gharama yake ni kwamba kumbukumbu za Athens haziko Athens. Watu ambao babu zao waliganda Alhamisi ile lazima wasafiri hadi Boston kuwaona. Mfarishi ulipoondoka kijijini uliacha kuwa kitu cha kuonyeshea watoto kwa kidole, "huyu ndiye yule wa langoni," na ukawa kitu chenye namba ya kabati. Huko makavazini mwanzo ulisomwa kama sanaa ya dini, na zile picha tano zisizo za Biblia zikaonekana kama vioja vya pembeni.

Mwaka 1992 likatokea jingine. Smithsonian ilitoa leseni ili nakala za mifarishi yake kadhaa, ule wa Powers ukiwemo, zishonwe China na kuuzwa kwa bei nafuu. Mafundi wa mifarishi wa Marekani wakaja juu, wakakusanya sahihi kwa maelfu. Hoja yao kubwa ilikuwa riziki, kwamba nakala za bei ya chini zinawaua sokoni. Haki yao. Kwangu lililo zito zaidi ni kwamba kazi ambayo mwenyewe aliikataza kuuzwa kwa bei yoyote, akaja kuiachia kwa nusu ya aliyotaka, sasa ilikuwa inauzwa kwa mara nyingine bila mtu kuuliza mwenyewe angesema nini.

Kaburi lake lenyewe lilikuwa limepotea vichakani. Jiwe liligunduliwa 2005 katika makaburi ya Gospel Pilgrim, Athens, na tarehe yake, 1 Januari 1910, ikasahihisha vitabu vilivyokuwa vimeandika 1911. Yaani waliosahihisha Alhamisi ya Powers walikuwa wamemkosea yeye mwaka mzima.

Mifarishi hii miwili iliwekwa pamoja hadharani kwa mara ya kwanza Boston, katika maonyesho yaliyofunguliwa Oktoba 2021. Aliyeingia humo aliweza kutazama nyota ya 1886 kisha akageuka kuwatazama wale ndege wa buluu. Mfarishi wa Karamu ya Bwana haukuwepo. Wenyewe unajulikana kwa maneno ya barua tu.